UZI: Alizeti chotara ukirudia mbegu shamba linakuwa vurugu. Chanzo kipo ndani ya ua lenyewe

Mwalimu wa Nkuhungu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu.

Kila mwaka mvua za Desemba zikikaribia, swali lile lile linazunguka kwenye magrupu ya wakulima kuanzia Kongwa na Chamwino hadi Singida: "Msimu uliopita nilinunua alizeti chotara, ikatoka safi, vichwa vyote saizi moja, nikavuna kwa siku moja. Nikatunza mbegu. Mwaka huu nimepanda zile zile, nyingine ndefu, nyingine fupi, nyingine inachanua wenzake wanakauka. Nimeibiwa?"

Hujaibiwa. Majibu yanayotolewa huko kwenye magrupu ndiyo yananikera: mara mbegu imechoka, mara ardhi imechoka, mara kampuni "wameifunga". Mbegu haichoki. Kilichotokea kilitokea shambani kwako, ndani ya ua la alizeti yako mwenyewe, pale seli fulani zilipogawanyika kutengeneza chavua na mayai. Mgawanyiko huo ni meiosisi. Ndiyo, ile ile ya sekondari, profesi-metafesi-anafesi-telofesi, tuliyoikariri kama korasi na kuiacha kwenye chumba cha mtihani. Tulikariri majina ya hatua, kromosomu zenyewe zinafanya nini hatukuulizwa sana.

Nitaandika kwa vipande. Aliye na swali adakie tu.

Alizeti ina kromosomu 34 kwenye kila seli ya mwili wake, jani, shina, mzizi. Hizo 34 ni jozi 17: kila jozi, moja ilikuja na chavua (upande wa baba), nyingine ilikuwa kwenye yai (upande wa mama). Hizi mbili za jozi moja naziita kromosomu wenza. Zinabeba jeni zile zile kwa mpangilio ule ule, ila matoleo ya jeni hizo yanaweza kutofautiana: huyu kabeba toleo la shina refu, mwenzake la shina fupi.

Kwa wanaopenda namba: uwele 14, mtama 20, mzabibu 38, sisi 46, ng'ombe 60. Ng'ombe katuzidi, kwa hiyo idadi haihusiani na akili, tusijivune.

Sasa piga hesabu. Kama chavua ingebeba 34 na yai 34, mtoto angekuwa na 68, mjukuu 136, na kadhalika. Lazima pawe na mahali ambapo idadi inakatwa nusu. Mjerumani August Weismann alilisema hilo mwaka 1887 kwa kufikiri tu, na miaka michache kabla yake, 1883, Mbelgiji Edouard van Beneden alikuwa ameshaona kwenye mnyoo wa farasi kwamba yai na mbegu ya kiume kila moja inaleta nusu. Alimchagua mnyoo kwa sababu kromosomu zake ni chache na kubwa, zinahesabika. Mnyoo wa tumboni, wakuu. Sayansi haichagui pa kuanzia.

Mkulima Kibaigwa

Mwalimu tupo. Ila mimi nataka kujua jambo moja kabla hujaenda mbali: hao wauza mbegu wanajua hili au hawajui? Maana mimi pale dukani niliambiwa "mbegu bora" tu, hakuna aliyesema nisirudie.

Mwalimu wa Nkuhungu

Kampuni inayozalisha inajua vizuri sana, biashara yake imesimama hapo hapo. Muuza duka pengine hajui. Angalia pakiti: ikiandikwa chotara au F1 (kizazi cha kwanza cha kuvusha koo mbili), hiyo ni ya msimu mmoja. Nitalirudia.

Kichwa Ngumu

Mnazungushwa nyie. Zile mbegu zina rangi nyekundu au ya bluu mnadhani ni urembo? Ni dawa ya kuzuia zisizae tena. Mzungu hatoi kitu bure.

Mwalimu wa Nkuhungu

Mkuu Kichwa Ngumu, ile rangi ni alama kwamba mbegu imepakwa dawa ya fangasi au wadudu, ili mtu asiile na kuku wasipewe. Haiingii kwenye kromosomu. Tena mbegu uliyovuna haina rangi na bado ikaota, si ndiyo? Malalamiko ni kwamba imeota hovyo, hakuna anayesema haikuota. Teknolojia ya kufanya mbegu isiote kizazi cha pili ilisajiliwa Marekani 1998, dunia ikapiga kelele, haikuuzwa kwa mkulima yeyote.

Turudi kwenye ua.

Mwalimu wa Nkuhungu

PROFESI YA KWANZA. Hapa ndipo penye utamu na ndipo walimu wengi, nami nikiwemo kipindi kikiwa kifupi, tunapita mbio.

Kabla mgawanyiko haujaanza, kila kromosomu imeshajinakili. Nakala mbili, kromatidi dada, zimeshikwa pamoja na pete za protini iitwayo kohesini. Kwa hiyo alizeti ina kromosomu 34, kila moja ikiwa maradufu. Zinaanza kujikunja, kufupika na kunenepa mpaka zinaonekana kwenye hadubini.

Kisha kila kromosomu inamtafuta mwenza wake. Kwenye mitosisi, ule mgawanyiko wa kukuza mwili, wenza hawajuani kabisa, kila mmoja na hamsini zake. Kwenye meiosisi wanatafutana, wanalala ubavu kwa ubavu kuanzia ncha hadi ncha, na kati yao inafungwa kama zipu ya protini.

Wanatafutanaje? Seli inajikata yenyewe. Kuna kimeng'enya kinaitwa Spo11, kazi yake ni kwenda kwenye DNA na kuikata nyuzi zote mbili, sehemu nyingi kwa makusudi. Kwa seli ya kawaida kukatika namna hiyo ni balaa. Hapa ndiyo dawa: ncha iliyokatika inahitaji kiolezo cha kujiunga upya, inakwenda kumsaka mwenza mwenye maandishi yanayofanana, inajirekebisha kwa kumwangalia. Mara nyingi inajirekebisha na kurudi kwake. Mara chache, lakini angalau mara moja kwa kila jozi kwa kawaida, inaunganishwa kwa kuvuka: kipande cha baba kinaishia kwenye kromosomu ya mama na cha mama kwa baba.

Zipu ikifunguka wenza wanataka kuachana lakini pale palipovukana bado pameng'ang'ania. Ile sehemu inaonekana kwenye hadubini kama herufi X, inaitwa kiasma. Mbelgiji Janssens alizitazama mwaka 1909 akasema hapa vipande vinabadilishwa. Uthibitisho ulikuja 1931, na ulitoka kwenye mahindi: Harriet Creighton na Barbara McClintock, kule Marekani, walipata mhindi wenye kromosomu namba 9 iliyo na nundu kwenye ncha moja na kipande cha ziada upande wa pili. Walipofuatilia rangi ya punje na aina ya wanga wake, kila jeni zilipotengana, nundu na kile kipande navyo vilikuwa vimetengana. Jeni zimehama, na kromosomu yenyewe imehama nazo, unaiona kwa macho. McClintock alikuja kupata Nobel 1983, ila kwa ugunduzi mwingine wa mahindi hayo hayo.

Binti PCB

Mwl shikamoo. Nina swali la mtihani kabisa. Idadi ya kromosomu inapungua anafesi ya kwanza au ya pili? Sisi darasani tumegawanyika.

Mwalimu wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Ya kwanza. Subiri nifike hapo, utaona kwa nini haiwezi kuwa ya pili.

METAFESI YA KWANZA. Jozi 17 zinasogea katikati ya seli. Nyuzi kutoka ncha moja ya seli zinamshika mwenza mmoja, nyuzi za ncha ya pili zinamshika mwingine. Wanavutwa kila mmoja kwake, ila kiasma kinawazuia. Mliowahi kulima na maksai mtanielewa: nira ndiyo inayofanya ng'ombe wawili wabaki pamoja, na ukiona kamba zimekaza pande zote unajua wamekaa sawa. Seli nayo inasoma mkazo huo. Jozi isiyo na kiasma haina nira, wenza wanaelea kila mmoja upande wake, na matokeo yake ni ajali ambayo nadhani kuna mtu ataiulizia.

Sasa shika jambo hili: nani anaelekea kaskazini na nani kusini ni bahati nasibu, na kila jozi inapiga kura yake bila kuisikiliza jozi ya jirani. Jozi ya kwanza baba anaweza kwenda juu, ya pili mama juu, ya tatu mama juu tena. Kwa jozi 17, njia za kujipanga ni mbili 17 zikizidishwa pamoja (2 × 2 × 2 na kuendelea), yaani gameti (chavua au mayai) za aina 131,072. Binadamu mwenye jozi 23 ana 8,388,608. Na hapo hatujahesabu vipande vilivyobadilishana, ambavyo vinafanya hesabu isiwe na mwisho wa maana.

ANAFESI YA KWANZA. Kohesini ya kwenye mikono ya kromosomu inakatwa, kiasma kinaachia, wenza wanaachana. Ila kohesini ya pale kiunoni, kwenye sentromia, inalindwa isikatwe. Kwa hiyo kromatidi dada wanaondoka pamoja, bado wameshikana. Kila upande unapata kromosomu 17, mmoja tu kutoka kila jozi. Binti PCB, umepata jibu lako: kutoka hapa seli haina jozi tena, ina nusu ya seti, ingawa kila kromosomu bado ina nakala mbili.

Mgawanyiko wa pili ni mfupi na hauna maajabu. Kromosomu zinajipanga moja moja, kohesini ya kiunoni inakatwa, madada wanaachana, 17 zinabaki 17. Unafanana sana na mitosisi. Mwishoni zipo seli nne. Upande wa chavua zote nne zinaishi. Upande wa yai la alizeti tatu zinakufa, moja ndiyo inayoendelea. Kwetu binadamu, upande wa mwanamke nako ni hivyo: yai moja, na vipande vidogo vinavyotupwa.

Binti PCB

Asante sana Mwl. Ina maana nikiulizwa tofauti ya anafesi I na II najibu: ya kwanza wanaachana wenza, ya pili wanaachana madada?

Mwalimu wa Nkuhungu

Hivyo hivyo. Ongeza sentromia: ya kwanza hazigawanyiki, ya pili zinagawanyika. Msahihishaji hana pa kukukatia.

Mwalimu wa Nkuhungu

Haya, chotara.

Mzalishaji wa mbegu anachukua ukoo A wa alizeti na kuuzalisha wenyewe kwa wenyewe vizazi vingi, mpaka kwenye kila jozi wenza wamekuwa nakala moja. Ukoo B vile vile. Koo hizi zenyewe ni dhaifu, fupi, hazina mvuto, ukiziona shambani ungezing'oa. Ila meiosisi yake haina madhara: ukichanganya vitu vinavyofanana unapata kile kile. Kila chavua ya A ni sawa na chavua nyingine ya A.

Anamvusha A na B. Mtoto, ndiyo F1 uliyonunua, ana A upande mmoja na B upande wa pili kwenye jozi zote 17. Kila mche ni sawa na jirani yake kwa sababu wote wamepata kitu kile kile. Na ana nguvu, kwa kuwa udhaifu uliofichika kwenye A mara nyingi unafunikwa na toleo zima la B, na kinyume chake.

Sasa huyu F1 anapochanua kwako, kwa mara ya kwanza meiosisi inakuta wenza wasiofanana. Inawakata, inawabadilishana vipande, inawapigia kura. Kila chavua inatoka na mchanganyiko wake. Kila yai pia. Uwezekano wa chavua kubeba A tupu kwenye jozi zote, hata tukisahau kuvuka kwa vipande, ni mmoja kati ya 131,072. Mbegu ulizotunza kwenye gunia ni wajukuu wa A na B, na hakuna wawili waliopata urithi sawa. Kwa wastani nusu ya zile sehemu ambazo F1 alikuwa na matoleo mawili tofauti, mjukuu ana toleo moja maradufu. Udhaifu uliokuwa umefunikwa unajitokeza, huku kwa urefu, kule kwa mafuta, kwingine kwa siku za kuchanua.

Kwa hiyo hasara kubwa iko kati ya msimu wa kwanza na wa pili. Ukiendelea kurudia na shamba likachavushana lenyewe kwa wingi, haishuki tena kwa kasi ile. Hilo watu hawalisemi. Ila ulichokinunua, ule usawa na zile nguvu, hakirudi.

Mkulima Kibaigwa

Mwalimu kuna kitu nilikiona shambani nikanyamaza maana niliona nitachekwa. Kwenye zile nilizorudia, baadhi ya vichwa havikuwa na unga wa chavua kabisa. Unapitisha kidole, kinatoka kisafi. Chotara wa kwanza hakuwa hivyo.

Mwalimu wa Nkuhungu

Hukukosea kuangalia, na wachache wanaangalia.

Ua la alizeti lina dume na jike pamoja. Ili kumvusha A kwa B shamba zima, mzalishaji angelazimika kung'oa madume ya A kwa mkono, kichwa kimoja kimoja. Haiwezekani. Mwaka 1969 Mfaransa Patrice Leclercq alipata njia: alizeti iliyotokana na kuvushwa na spishi ya mwituni, ambayo haitoi chavua kabisa. Kasoro hiyo iko kwenye mitokondria (vinu vidogo vya nishati vya seli, nje ya kiini), na mitokondria zinarithiwa kupitia yai. Hazijipangi katikati ya seli, hazipigiwi kura, meiosisi haizihusu. Kwa hiyo mama A haitoi chavua, na anachavushwa na B pekee.

Lakini wewe mkulima unataka mbegu, na mbegu inataka chavua. Hivyo B anachaguliwa awe na jeni ya kurejesha chavua, iliyo kwenye kromosomu ya kawaida. F1 anapata nakala moja ya jeni hiyo, inatosha, anatoa unga vizuri. Halafu inakuja meiosisi ya F1: wenza wanaachana, nusu ya gameti zinabeba jeni ya kurejesha, nusu hazina. Zikikutana mbili zisizokuwa nayo, mche unabaki na mitokondria ya bibi yake na hauna wa kuirekebisha. Kwa hesabu ya Mendel, mwanzilishi wa elimu ya urithi, ni robo ya mimea. Vichwa ulivyopitishia kidole ni hivyo.

Bado vinaweza kutoa mbegu kama nyuki wataleta chavua ya jirani. Nyuki wakikosekana, ni pumba.

Nyuki Manyoni

Mmetaja nyuki nimekuja. Salaam kutoka Manyoni. Mwalimu, sisi wafugaji tunaambiwa nyuki dume hana baba, anatoka kwenye yai lisilorutubishwa. Sasa kama hana baba, hana wenza. Meiosisi yake anaifanyaje? Anapunguza nini?

Mwalimu wa Nkuhungu

Swali la mwaka hili.

Malkia na vibarua wana kromosomu 32, dume ana 16 tu, zote za mama. Seli zake za kutengeneza mbegu zinaanza mgawanyiko wa kwanza kama desturi, halafu zinaghairi. Kromosomu hazigawanywi, kinachotoka ni kifuko kidogo kisicho na kiini. Anakwenda moja kwa moja kwenye mgawanyiko unaotenganisha madada, na hata hapo seli moja ndogo inatupwa. Kwa hiyo mbegu zote za dume mmoja ni nakala moja, ukiacha ajali za hapa na pale. Mchezo wote wa kuchanganya unafanywa na malkia, na anaufanya kwa fujo: kwa urefu ule ule wa DNA, nyuki wanavusha vipande mara kumi na zaidi kuliko binadamu.

Mzinga wako una vibarua wenye mama mmoja na baba wengi, kwa sababu malkia anapandwa na madume kadhaa akiwa angani. Walio na baba mmoja wanafanana kuliko ndugu wa kawaida, maana upande wa baba wamepewa kitu kile kile wote.

Nyuki Manyoni

Ndiyo maana mzinga mmoja una wakali na wapole! Nilidhani ni moshi.

Mwalimu wa Nkuhungu

Moshi nao una lake. Lakini ndiyo.

Nesi wa Zamu

Habari za jioni wapendwa. Mwalimu umesema kuna ajali jozi ikikosa nira. Mimi niko wodi ya wazazi na nataka lisemwe wazi, maana kina mama wanasemwa vibaya mitaani. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down amezaliwa na kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili. Mfaransa Jérôme Lejeune na wenzake walilitangaza mwaka 1959. Si laana, si mwiko wa ukoo, si chakula alichokula mama.

Mwalimu wa Nkuhungu

Asante dada, umenirahisishia. Nieleze upande wa kromosomu, wewe utanisahihisha upande wa wodi.

Mwanaume anaanza meiosisi akibalehe na anaendelea kila siku, seli mpya kila wakati. Mwanamke anaianza akiwa bado tumboni mwa mama yake. Mayai yote yanafika profesi ya kwanza, yanabadilishana vipande, kisha yanasimama. Yanasubiri hapo, wenza wakiwa wameshikwa na kiasma na pete za kohesini zilizowekwa tangu kabla hajazaliwa. Linalopevuka akiwa na miaka 20 limesubiri 20, la miaka 42 limesubiri 42. Pete hizo hazibadilishwi kwa kiwango cha maana, na zinalegea. Siku yai linaposhtuliwa kuendelea, jozi iliyolegea inaweza isijipange vizuri, wenza wote wawili wakaenda upande mmoja. Yai linabaki na 21 mbili, mbegu ya baba inaleta ya tatu.

Makosa mengi ya 21 yanatokea upande wa yai, na mengi ni kwenye ule mgawanyiko wa kwanza.

Nesi wa Zamu

Kwa takwimu tunazofundishwa, mama wa miaka 25 ni takribani mmoja kati ya 1,200, wa miaka 40 ni takribani mmoja kati ya 100. Maana yake hata kwa miaka 40, 99 kati ya 100 hawapati. Na watoto wengi wenye Down wanazaliwa na mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi. Baba pia anaweza kuwa chanzo, ila ni kwa uchache. Naomba wenye mama wakwe wawasomee.

Kichwa Ngumu

Hapa nimeelewa nesi. Ila sijaacha kuwashuku wauza mbegu.

Zabibu Hombolo

Mwalimu sisi wa zabibu hatujawahi kupanda mbegu. Tunakata pingili, tunachomeka. Babu alifanya hivyo, nami nafanya hivyo. Ni kwa sababu hii hii?

Mwalimu wa Nkuhungu

Hii hii. Mzabibu una jozi 19 na wenza wake wanatofautiana sana, ni kama F1 wa kudumu. Panda punje za kichane kimoja cha Makutupora nyekundu, utapata mizabibu ambayo hakuna mmoja unaofanana na mama yake, na mingi itakuwa na zabibu za kukunja uso. Pingili inakua kwa mitosisi tu: wenza hawatafutani, hakuna kuvuka, kila seli inapata nakala kamili. Shamba lako lote ni mmea mmoja uliosambazwa.

Ubaya wake ni kwamba ugonjwa ukiweza mmoja unaweza wote. Ndiyo maana watafiti pale Makutupora hawana budi kuendelea kuivusha na kuipanda kwa mbegu, kumtafuta mmoja wa maana kati ya mamia.

Mchunga Punda Bahi

Na punda akizaa na farasi? Yule nyumbu hazai. Ni meiosisi?

Mwalimu wa Nkuhungu

Ndiyo. Punda 62, farasi 64, nyumbu 63. Mwili unakua vizuri kwa mitosisi, haihitaji mwenza. Ikifika profesi ya kwanza, 31 za punda zinatafuta wenza kati ya 32 za farasi, mpangilio wake umeshapishana, zipu haifungi, seli inajiua. Majike wachache sana wamewahi kuzaa duniani. Dume, hapana.

Mkulima Kibaigwa

Turudi kwetu. Sina hela ya kununua chotara kila msimu. Nifanye nini?

Mwalimu wa Nkuhungu

Panda Record au mbegu nyingine isiyo chotara, yenye lebo ya TOSCI (taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu) kwa mara ya kwanza. Hiyo tangu mwanzo ni mkusanyiko wa mimea iliyochanganyika. Meiosisi inaichanganya kila msimu, na kinachotoka ni mchanganyiko ule ule, kwa uwiano ule ule, mradi shamba ni kubwa na kila mmea unashiriki. Haifikii chotara kwa mavuno mwaka wa mvua nzuri. Mwaka wa ukame wa kwetu tofauti inapungua, na mbegu hujainunua.

Mambo mawili yanaiharibu. La kwanza ni kuchukua mbegu kwenye vichwa vitatu vikubwa ulivyovipenda. Baada ya misimu michache umejitengenezea ukoo wa ndugu, na udhaifu unajitokeza kama kwa A na B. Chukua kwenye vichwa vingi, mia au zaidi, kutoka katikati ya shamba, vyenye afya, na usibague kwa ukubwa peke yake.

La pili ni jirani mwenye chotara. Nyuki wa Manyoni hawajui mpaka wa shamba, wanaruka kilomita kadhaa. Kama huwezi kukaa mbali naye, panda wiki tatu nne kabla au baada yake, msichanue pamoja.

Mkulima Kibaigwa

Jirani yangu ni shemeji. Ngoja nimuulize anapanda lini.